Mkono Kwenye Kamera ya Nyuma

Mwanangu aliponinyang'anya ufunguo wa gari hakuja mwenyewe. Alimtuma mkewe. Mkwe wangu akasimama mlangoni, mguu mmoja kwenye ngazi na mwingine chini, akaniambia, "Mama, Baba Mapacha anaomba ufunguo, anataka kulisogeza gari kidogo." Nikampa. Gari halikusogezwa hata inchi moja. Kumbe ndiyo nimeshapokonywa, tena kistaarabu, na ufunguo nimeutoa kwa mkono wangu mwenyewe huku nikimwambia karibu tena.

Ningekuwa mtu wa kulia ningelia. Mimi ni mtu wa kusema. Nilivuka ua, nikasimama kwenye mlango wa jikoni kwao, nikasema yote niliyokuwa nayo na mengine ambayo sikujua kama ninayo. Mapacha walikimbilia chumbani. Mwanangu alikuwa ndani, nilimsikia akikohoa, lakini hakutoka.

Ngoja nieleze vizuri, maana mtu anaweza kudhani ninalilia gari la kuendea sokoni. Lile ni nyumba yangu. Zamani lilikuwa basi la shule, na kwa miaka ishirini na miwili dereva wake alikuwa mimi. Lilipostaafishwa tukastaafu pamoja. Mume wangu akang'oa viti, akatia kitanda, jiko la gesi, sinki, kabati, na choo kidogo ambacho mtu mnene akiingia anatoka kinyumenyume. Yeye alikuwa fundi redio. Hakujua kuendesha hata baiskeli. Basi tukagawana kazi: usukani wangu, waya zote zake. Miaka kumi na mmoja tulizunguka nalo mji kwa mji, yeye akitengeneza redio na simu za watu, mimi nikiegesha, nikitoa, nikiegesha tena. Miezi minane iliyopita alianguka akiwa na bisibisi mkononi, hakuamka tena. Nikalileta gari kwenye ua wa mwanangu kwa sababu sikujua pengine pa kulipeleka.

Siku ile ya kuingia ndipo balaa lilipoanza. Gari letu halina dirisha la nyuma, marehemu aliliziba akaweka kabati la nguo. Vioo vya pembeni vinaonyesha ubavu tu. Kurudi nyuma ni kazi ya kamera na mtu wa kuongoza. Mwanangu akasimama nyuma, pale pale ambapo baba yake angesimama, akaanza kunyoosha mkono. Nikaufuata kwenye skrini. Aliponyoosha huku, nikaenda huku. Nikasikia kishindo, nguzo ya geti imelala chini.

"Nilikuonyesha kulia, mama," akasema.

"Umenionyesha kushoto. Nina macho."

Tukayamaliza, au tulijifanya tumeyamaliza. Wiki sita baadaye nikatoka kwenda kumtazama dada yangu. Kurudi, hadithi ikawa ile ile: mwanangu nyuma, mkono hewani, mimi nafuata, na safari hii nikang'oa bomba la tangi la maji. Ua mzima ukawa bwawa. Akaja dirishani kwangu, maji yanamtiririka suruali nzima, akainua mkono mmoja akautikisa polepole, kama anamfundisha mtoto wa chekechea. "Mama, kulia ni huku."

Mimi ndiye niliyemfundisha huyo kipi kulia, kipi kushoto. Nilimpa vidonge vyake hapo hapo. Akageuka kwenda kufunga maji. Wiki hiyo hiyo ufunguo ukaondoka, na mkwe akaanza kunitajia, kwa mbali, kana kwamba ni habari ya jirani, kwamba kuna daktari anayeshughulikia mambo ya wazee kusahausahau. Halafu nikasikia kuna mtu amekuja kulichungulia gari nikiwa naoga. Anataka kulifanya saluni.

Saluni, jamani. Kichwa cha mtu kioshwe kwenye sinki langu la vyombo.

Nilimvizia mwanangu anapotoka kwenda kazini. Nikamwambia, "Si mimi, ni kamera. Imezeeka, jua likipanda kidogo picha yote inakuwa maziwa matupu. Nitaita fundi aibadilishe. Halafu wewe simama nyuma, uniongoze, nilirudishe gari katikati ya tangi na ukuta wa jikoni. Nikigusa chochote, hata majani, mpe huyo mtu wa saluni."

Akatazama chini. "Na huyo daktari?"

"Nikigusa, na daktari nitakwenda."

"Jumamosi asubuhi, basi," akasema, na akaondoka haraka kama mtu aliyechelewa. Hakuwa amechelewa. Ninajua saa anayotakiwa kufika.

Nilibaki nimesimama pale uani peke yangu. Niseme ukweli, niliogopa. Nje najifanya jabali, lakini ndani mashaka yalishaingia. Usiku nilikuwa nalala nikiinua mkono huu, halafu huu, nikijiuliza kulia, kushoto, kulia. Niliwahi kumwona mama yangu mzazi akiuliza jina la kijiko. Tena hakuna niliyeweza kumwambia. Tangu msiba uishe, watu hawakanyagi kwangu. Mkwe anapika chakula kizuri, sina la kusema, lakini anakiweka kwenye ngazi kimefunikwa, anagonga mara moja, na nikifungua mlango namwona mgongo. Mapacha wakicheza mpira ukaja chini ya gari, wanauacha hapo. Kuna siku ilifika jioni ndipo nikasikia sauti yangu mwenyewe, tena nilikuwa nabishana na mtangazaji wa redio. Nilijiambia ndivyo mjane anavyosahaulika.

*

Fundi alikuja Jumanne. Watu wanamwita Waya, na ukimwona hutauliza sababu. Alibeba kijisanduku cha zana na ngazi ya bati, akalizunguka gari mara mbili, halafu akasema, "Mama, mara ya mwisho kamera hizi zimeoshwa lini?"

"Aliyekuwa anaziosha hayupo."

"Pole." Akapanda ngazi. "Basi na nyigu nao wamejua hayupo. Wamejenga."

Kamera zilikuwa nne. Moja juu ya mlango, mbili za ubavuni, moja nyuma. Kila Jumatatu marehemu alikuwa anazipitia na kipande cha fulana yake kuukuu na maji safi, bila sabuni, kwa sababu alisema sabuni inaacha ukungu kwenye kioo. Akimaliza anazikagua parafujo, anapitisha kidole kwenye mpira unaozuia maji, anaingia ndani ananiambia, "Macho yako yako salama, bibi." Mimi sikuwahi kuzigusa. Hata alipokufa sikuzigusa. Nikikaribia na kitambaa nilikuwa nasikia kama naingilia kazi ya mtu.

Waya alibandua kiota cha nyigu kwa bisibisi, akasafisha kioo cha juu ya mlango, akasema hiyo ni nzima. Ya kulia nayo ilikuwa uchafu tu. Ya kushoto ilikuwa imelegea kwenye kishikio chake, parafujo imeliwa na kutu. Akaitoa, akatia mpya, akaikaza huku ananiambia nitazame skrini na nimwambie picha ikiwa sawa. Nikamwambia naona mbingu. Akaishusha. Nikamwambia sasa naona tairi. Akasema, "Katikati ya mbingu na tairi, mama, ndipo binadamu tulipo." Nikacheka. Nilijishtukia nikicheka.

Ya nyuma ndiyo ilikuwa mgonjwa. Mpira wake ulikuwa umepasuka, maji yameingia, ukiitikisa unaona tone linatembea nyuma ya kioo. Waya akapima waya kwa mita yake, akasema umeme unafika, ugonjwa uko kwenye kamera yenyewe. Alikuja na mpya mfukoni. Kabla hajaitoa ile ya zamani aliingia ndani, akakaa kiti changu bila kuomba ruhusa, akaitazama skrini. Ilikuwa mapema, picha ilikuwa bado inaonekana.

"Mama, tangi la maji liko upande gani wa gari?"

"Kulia."

"Mbona hapa liko kushoto?"

"Ndivyo kamera zilivyo," nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayejua. "Zinageuza."

"Kamera za wapi hizo?"

"Zote. Nilishauliza. Fundi aliyeifunga mwenyewe aliniambia."

Waya akanitazama. Akashuka, akachomoa ile ya zamani, akaunganisha mpya kwa muda bila kuifunga, akaishika kwa mkono pale pale ilipokuwa nyingine. "Tazama sasa," akapaza sauti.

Nikatazama. Tangi lilikuwa kulia. Ukuta wa jikoni ulikuwa kushoto, mahali pake, kama ninavyouona nikishuka garini. Nilikaa nikiangalia tu. Nikamwambia arudishe ya zamani. Akarudisha. Tangi likahamia kushoto. Nikamwambia arudishe mpya. Hakulalamika, alifanya hivyo mara tatu, na ya tatu nilishuka kwenda kuona kwa macho yangu kama hanichezei.

"Hii si kamera ya nyuma," akanieleza, ameishika ile kongwe kiganjani. "Ni ya kufungwa mbele. Ukiifunga nyuma, kulia kunaonekana kushoto. Si kitu kikubwa. Ndani kuna kijiwaya, ukikikata picha inageuka inakaa sawa. Kazi ya dakika moja."

"Mume wangu alikuwa fundi. Kijiwaya hicho angekijua."

"Alikijua. Tazama hapa." Akanionyesha mgongo wa kamera. Ulikuwa umemwagiwa gundi nyeusi, ngumu, hadi juu. "Aliiziba kwanza, akaja kuona picha baadaye. Hapa hata mimi siwezi kufungua bila kuivunja. Ilikuwa aivunje anunue nyingine, au anyamaze." Akaipindua tena. "Sasa mama, aliyekuwa anakuongoza ukirudi nyuma ni nani?"

"Yeye."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Na hamkugonga?"

"Hata mara moja."

Waya akakuna kichwa. "Basi alikuwa anainua mkono wa kinyume. Akitaka uende kulia, anainua wa kushoto, ili kwenye skrini uuone kulia. Kila mara." Akapiga mluzi kidogo. "Huyo mzee alikuwa na akili. Mimi ningekosea siku ya pili."

Akarudi kwenye kazi yake. Nikakaa kwenye ngazi ya gari.

Nafikiri jambo la kwanza lililonijia lilikuwa furaha, na sitaficha. Sijachanganyikiwa. Mwanangu aliponyoosha mkono wa kulia alinyoosha wa kulia kweli, na mimi nilipouona kushoto niliuona kushoto kweli, na wote wawili tulikuwa na akili zetu. Nilitaka kunyanyuka hapo hapo nikampigie simu kazini. Nikafikia hadi kutoa simu mfukoni.

Halafu nikakumbuka siku ile ilipofungwa.

Tulikuwa kwenye uwanja wa gereji, na watu kibao, mafundi, wateja, mama mmoja aliyekuwa anauza maji. Wiki moja kabla, marehemu alikuwa amekata tundu la hewa kwenye paa, akalikata juu ya kitanda badala ya juu ya jiko, na mvua ikatunyeshea tukiwa tumelala. Kwa hiyo siku ile nilikuwa nimesimama karibu. Nikamwambia, "Jaribu kwanza kabla hujabandika." Akasema anajua. Nikamwambia, mbele ya wale watu wote, "Unajua nini wewe? Ungejua tungelala na mwavuli? Bora ningeolewa na redio, ingenichosha ningeizima." Watu walikufa kwa kicheko. Na yeye alicheka, tena alicheka kuliko wote. Halafu akapanda ngazi na gundi yake.

Baadaye kidogo, siku ya pili au ya tatu, nilimuuliza mbona mti ulioko huku unaonekana huku. Akajibu haraka, "Kamera zote ndivyo zilivyo. Wewe usiangalie mti, usiangalie ukuta. Niangalie mimi."

Niangalie mimi. Mtu ambaye miaka yote hakuwahi kuniambia neno tamu bila kulifuatisha na mzaha. Nililichukua neno lile kama neno la mapenzi, nikaliweka moyoni. Kila nilipotia gia ya nyuma nilikuwa namtafuta kwenye kile kiskrini, mzee wangu mdogo kama kidole, kofia yake, mkono wake, na nilikwenda uliponituma. Kwenye maegesho walinzi walikuwa wakija kutusaidia, anawafukuza. "Huyu namwongoza mwenyewe." Nilidhani ni wivu. Nilijisikia msichana.

Kumbe alikuwa anaficha kosa. Miaka kumi na mmoja, kwenye mvua, kwenye jua, na siku ile alipokuwa na homa hadi anatetemeka akakataa nisiegeshe mpaka ashuke yeye. Anasimama nyuma ya gari anageuza kichwani kulia na kushoto, ili tu asinisikie nikisema. Bei ya kamera isingetuua. Ulimi wangu ndio alioukwepa.

Au labda ilikuwa mapenzi kweli. Labda ilikuwa yote mawili. Nilikaa kwenye ile ngazi nikilipindua jambo hili kama Waya alivyoipindua ile kamera, na mtu pekee ambaye angenijibu nilikuwa nimemzika mwenyewe. Nikairudisha simu mfukoni. Nitamwambia mtoto nini? Kwamba baba yake, fundi wa watu, alifunga kamera ya mbele nyuma, akakaa kimya hadi kufa kwa kuniogopa mimi, mama yake? Hapana. Kamera mpya iko sawa, mkono wake uko sawa. Jumamosi nitapita. Mambo mengine yatakaa huku kwangu.

Waya aliziba ukingo wa kamera mpya, akaniambia nisiinyeshee maji mpaka kesho, na kila wiki niipitishie kitambaa laini. "Sabuni usitie," akasema.

"Najua," nikamjibu. Ilitoka kwa ukali, sijui kwa nini. Akakusanya zana zake upesi, akaaga akiwa tayari ameshafika getini.

*

Jumatano na Alhamisi sikusema na mtu. Ijumaa nilizipangusa zile kamera mwenyewe, zote nne, na kipande cha fulana nilichokikuta kwenye droo yake. Nilipofika ya nyuma nilisimama kwanza pale alipokuwa akisimama, nikauinua mkono wa kushoto nikijiambia kulia, nikauinua wa kulia nikijiambia kushoto. Nilikosea mara ya nne. Mkwe alikuwa dirishani kwake ananitazama. Akavuta pazia.

Jumamosi mwanangu alitoka nje na ufunguo, amevaa shati la kwendea kazini. Akanikabidhi kama mtu anayempa mtihani mwanafunzi, bila kunitazama usoni. Mapacha walikuwa kwenye ngazi za jikoni, mama yao amewashika mabega. Nililitoa gari hadi barabarani, nikaligeuza, nikasubiri. Nilirekebisha kiti mara tatu. Mimi niliyebeba watoto wa watu kwa miaka ishirini na miwili bila mkwaruzo.

Nikatia gia ya nyuma. Skrini ikawaka. Mwanangu akatokea katikati yake.

Sikujiandaa kwa hilo. Kwenye kamera ile ya ukungu alikuwa kivuli tu chenye mkono. Sasa alikuwa safi kabisa, na alikuwa na kitambi cha baba yake, na ametanua miguu vile vile. Akanyoosha mkono wa kulia. Ukaonekana kulia. Nikazungusha usukani, gari likakubali. Akanyoosha wa kushoto, nikanyoosha gari. Geti likapita. Tangi likaingia kwenye picha, mahali pake, na bomba lake jipya linang'aa. Ukuta wa jikoni upande wa pili. Nilikuwa nasikia matairi kwenye kokoto. Akainua mikono yote miwili. Nikakanyaga breki.

Nilikuwa katikati. Ungeweza kupitisha mtu mzima kila upande.

Nilizima gari, nikatulia. Nilitarajia nitajisikia mshindi. Nilichosikia ni kwamba nimeegesha bila mzee wangu, na imewezekana, na itaendelea kuwezekana.

Mwanangu akaja dirishani. Uso ulikuwa umemlegea, alikuwa anatabasamu kama alipokuwa mdogo akipata zawadi. "Kumbe kweli ilikuwa kamera. Mama, nisamehe. Ufunguo ni wako. Nitampigia yule mtu wa saluni sasa hivi."

"Yamekwisha."

Akapiga hatua mbili, akarudi. Ana kichwa cha kuchunguza, hilo amelitoa kwa baba yake. "Lakini kamera ile ile ndiyo mlikuwa nayo na baba. Mbona na yeye hamkuwahi kugonga?"

Nilikuwa na uongo tayari. Ningesema ukungu umeanza juzi juzi. Angekubali, tungeingia kila mtu kwake, na mimi ningebaki na gari langu, ufunguo wangu na ukimya wangu. Mdomo ukakataa. Nimeusema ukweli wa kila mtu maisha yangu yote, nikaona leo niuseme wangu.

"Picha ilikuwa imegeuzwa," nikamwambia. "Baba yako alikosea kuifunga. Alipogundua, hakusema. Akawa ananiinulia mkono wa kinyume, kila siku, hadi alipokufa."

"Miaka yote hiyo?" Akaegemea mlango. "Si angekwambia tu? Si angeivunja aweke nyingine?"

"Aliogopa."

"Aliogopa nini?"

"Mimi. Alikuwa ananiogopa mimi."

Nikasubiri. Nilimtazama mdomoni nikisubiri aseme hapana mama, usiseme hivyo, baba alikupenda. Ndilo neno ambalo mtoto yeyote angemwambia mamaye, hata kama ni la kutunga. Mwanangu alikuwa anatazama kokoto, anazisogeza kwa ncha ya kiatu.

"Sote, mama," akasema, taratibu, bila hasira yoyote. "Hata siku ile ya ufunguo nilimtuma mke wangu kwa sababu nilishindwa kuja mwenyewe."

Kule kwenye ngazi za jikoni mapacha walikuwa bado wamesimama, mama yao hajawaachia mabega. Wote watatu walikuwa wananitazama mimi, wanasubiri kuona nitasema nini. Niliyaona macho yao nikajua yalikuwa hivyo hata kabla ya msiba.

Maneno yalinijaa mdomoni. Ninayafahamu yanavyokuja, yanakuja kwa mstari, kila moja lina makali yake. Nikayameza. Nikafungua mlango.

"Ingia unywe chai," nikamwambia.

Akapanguza viatu kwenye ngazi muda mrefu kuliko vilivyokuwa na vumbi. Akaingia, akakaa pembeni kabisa ya kiti, magoti yameelekea mlangoni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa mle ndani tangu msiba. Nikawasha jiko, nikatoa vikombe viwili, nikafungua kopo la sukari, nikashika kijiko, na hapo nikakwama. Mtoto wangu wa kumzaa, ana miaka arobaini na miwili, na sikujua anatia vijiko vingapi.

Nikamuuliza.

"Vyovyote utakavyoweka, mama," akajibu upesi. "Mimi sina neno."